Tone la Yasmini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Namwonea wivu Yasmini. Tayari — neno hilo nimeliandika. Sijamwambia mtu, hata mama. Yasmini ni binti wa mama mkubwa, tunalala chumba kimoja, tumemaliza shule pamoja. Na leo nilitamani apoteze sauti.

Tulikuwa labo ya dispansari, kwa Tonton Bernardo, tunayemwita mjomba kwa heshima tu, anayepima malaria. Anatafuta mtu mmoja wa staji, wa kujifunza kazi kwake. Mmoja tu. Alituonyesha kwenye simu yake video ya seli nyeupe, askari wa damu, ikipita katikati ya seli nyingine zilizobanana. Haina mfupa wala mguu! Ndani yake kuna nyuzi nyembamba mno. Mbele nyuzi zinajengwa, zinasukuma ngozi ya seli. Nyuma zinabana, mwili unafuata. Nyingine hujikusanya katikati na kusukuma pembeni, kiini kisipondwe.

Nikamnong'oneza Yasmini: kama mama sokoni mwenye mtoto mgongoni, anavyotanua viwiko watu wasimbane mtoto. Yasmini akasema hivyohivyo, kwa sauti. Tonton akapiga makofi.

"Eeh! Huyu mutoto iko na akili!"

Mfano wa viwiko ulikuwa wangu. Lakini mimi ni wa kunong'ona tu.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio ni Ijumaa. Kila mmoja atatoa tone la damu yake mwenyewe, aliweke chini ya kioo, amwonyeshe Tonton kwenye hadubini seli nyeupe inayotembea. Tone lisikauke: tunaziba ukingo wa kioo kwa mawese, maana labo haina vazelini. Wala lisipoe: kwenye baridi nyuzi zinagoma, seli inajikunja duara na kukaa. Kwa hiyo kioo kinawekwa juu ya kopo la maji ya vuguvugu.

Seli yangu leo imetembea! Taratibu, ikitoa kama kidole mbele, ikijipenyeza kati ya chembe nyekundu. Nilitaka kumwita mtu. Yasmini alikuwa ameshamwita Tonton aone yake.

Wakati wa kula mama mkubwa Sharifa alitania. "Yasmini atakuwa dokta. Na weye Raisa utamubebea sakoshi ya dawa!" Wote walicheka. Nami nilicheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya.

Vioo vyetu vilikuwa tayari. Yasmini alikwenda kuswali. Mimi wiki hii siswali, niko kwenye siku zangu. Tonton alikwenda kula. Nilitoa pakiti ya barafu kwenye friji ya chanjo, nikailaza chini ya kioo chake. Nusu saa. Mawese yakaganda ukingoni, magumu kama nta. Niliposikia viatu nje nilirudisha barafu, nikayasugua mawese kwa kidole mpaka yakalegea.

Tonton aliangalia. Akasogeza kioo, akaangalia tena. Seli zote zimejikunja duara. Hata moja haikusogea.

Yangu ilitembea. Staji ni yangu, naanza Jumatatu. Nilifurahi — nilifurahi kweli — mpaka nilipoona uso wa Yasmini.

Jumamosi, 9 Agosti

Hili sikulifikiria.

Yasmini hasemi kwamba kioo kilikuwa kibaya. Anasema damu yake ni mbaya. "Raisa, askari wangu wamelala. Wote. Ndiyo maana malaria imenilaza mara mbili mwaka huu." Nilimwambia labda alikosea kuandaa. Akasema hapana, aliandaa vizuri. Ni kweli, aliandaa vizuri kuliko mimi.

Tonton alitaka warudie kipimo. Yasmini amekataa kuchomwa kidole. Anaogopa kuona tena.

Jumapili, 10 Agosti

Yasmini hajala tangu jana. Mama mkubwa ameshafunga begi. Kesho asubuhi wanakwenda Bujumbura kwa daktari mkubwa. Alinivuta pembeni, mikono yake inanuka samaki wadogo wa ndagala, akaniuliza polepole, yeye ambaye hasemi polepole:

"Raisa mwanangu, weye unajua mambo ya damu. Mutoto wangu atapona?"

Nikasema, Mungu akipenda. Nilisema hivyo! Neno moja tu lingetosha: barafu. Lakini neno hilo linanitoa labo kabla sijaingia. Na chumba hiki je, nitalala wapi?

Sasa hivi Yasmini ameingia na bluzi yake nyeupe ya kuvaa labo, ile aliyoshonewa kwa ajili ya staji. Anasema nisiende labo na nguo ya nyumbani, nitamwaibisha. Mikono ni mirefu kwangu, anataka kuipunguza kabla hajasafiri. Amekaa kitandani, pini mdomoni, ananiita nije anipime. Macho yamevimba na bado ananitania: "Weye dokta, njoo basi!"

Nimemwambia dakika moja, namalizia kuandika.

Daftari, wewe peke yako ndiwe unayejua. Usimwambie mtu. Tafadhali, usimwambie — ameinuka, anakuja huku na pini zake, anasema nyoosha mkono —