Nakwenda Iringa Kutazama Maua

Jumanne, 5 Juni 1973
Mbeya. Nimemwagilia ua langu la dalia kabla ya chai. Wifi ametundika tena nepi juu yake, moja imevunja shina. Nimelifunga kwa uzi.  Ningelalamika, angefurahi.

Shule zinafungwa Ijumaa. Mpango wa safari uko tayari. Ijumaa inayofuata, basi la asubuhi hadi Iringa. Jumamosi, maonyesho ya maua katika ukumbi wa kanisa. Yanafungwa saa nane mchana. Jumapili, bustani za mtaa wa Gangilonga, kwa miguu. Jumatatu, kurudi. Nitalala nyumba ya wageni karibu na soko.

Tangu nianze kufundisha sijawahi kuwa na siku mbili zangu mwenyewe. Nazitaka hizi.

Alhamisi, 7 Juni
Nimemwambia kaka wakati wa kula. Ilibidi, ni nyumba yake. Akauliza nani amekufa Iringa. Hakuna. Nani anaoa? Hakuna. Wifi akacheka hadi akaweka bakuli chini. "Hilo ua, wifi, lina masharubu?"

Kaka hakucheka. Kilichomuudhi ni gesti. Shangazi yetu anakaa Iringa, nami nalala kwa kulipia? Aibu ya ukoo mzima. Najua desturi. Ukifikia kwa ndugu, siku si zako. Utamenya viazi, utasimulia habari za kila mgonjwa, utasindikizwa hata dukani. Nimekataa.

Jumatatu, 11 Juni
Kaka hasemi nami. Afadhali. Wifi anasema na majirani kwa niaba yake. Leo bombani wanawake walinyamaza nilipofika. Kisha mmoja akauliza kama huyo wa Iringa ana gari. Nikamjibu ana majani tu. Hakuelewa. Atatangaza hilo pia.

Nimepiga pasi gauni la buluu.

Ijumaa, 15 Juni
Iringa. Nina hasira.

Shangazi alikuwa stendi. Kaka alimpelekea habari kwa dereva wa lori. Siku na basi nilimtajia kaka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ujinga. Shangazi akashika begi langu kabla sijakanyaga chini vizuri. "Mtoto wa kaka yangu alale gesti kama malaya, na mimi sijazikwa?" Kwa sauti ya kuuzia mnadani. Watu wakageuka. Nikamfuata.

Kesho mchana kuna mgeni, anasema. Mgane mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Kuku ameshafungwa mguu. Nitapika mimi, ili mgeni aone. Nikasema kuna maonyesho. Akasema maua yapo hata makaburini.

Nawachukia wote watatu: kaka, wifi na shangazi.

Jumamosi, 16 Juni
Saa nne nilikuwa nanyonyoa kuku. Nikafikiri: nikimaliza kunyonyoa nitakatakata, nikikatakata nitapika, nikipika nitapakua, na mgeni atakula akinitazama. Nikaacha manyoya kwenye beseni. Nikanawa. Nikachukua begi.

Shangazi akanifuata hadi barabarani. "Mwoneni mwalimu! Anaolewa na majani!" Watoto wakadaka, wakaimba. Akasema nisikanyage tena kwake. Nikamwambia, "Shangazi, maji ya kuku yanachemka." Sikugeuka.

Mlangoni pa ukumbi mama mmoja aliuliza nimeleta ua gani. Sikuleta. "Umekuja kutazama tu?" Akashusha macho hadi viatuni. Kulikuwa na unyoya. Nikapita.

Mawaridi kwenye chupa za soda. Gladiola zimesimama wima kama askari. Na dalia moja, nyekundu karibu na weusi, pana kama sahani. Sikujua dalia inaweza kufika hapo. Nilizunguka meza zote, nikairudia. Nikasimama hapo hadi walipoanza kukunja vitambaa vya meza.

Jumapili, 17 Juni
Gesti. Kitanda kina bonde katikati. Nimelala vizuri.

Gangilonga asubuhi. Baridi, ukungu umekalia nyua. Nyumba moja waridi limepanda hadi kwenye bati. Nyingine ina mbwa tu. Ya juu kabisa, mwenyewe alikuwa akipunguza matawi. Tukaamkiana, akaendelea na kazi yake. Nami nikaendelea kutazama.

Kesho basi. Sijui kama kwa kaka bado nina kitanda. Nitatafuta chumba cha kupanga, chenye uwanja wa kupanda dalia.

Mchana nilikaa juu ya jiwe, nikala ndizi. Nilipochoka kukaa, nikatembea tena.