Mende wa Tende

Jumamosi, Oktoba inakwisha

Mende, jamani. Watu na akili zao wanataka kula mende, na mimi na utu uzima wangu ndiye niliyewatengeneza.

Mjukuu wangu Zuhura kaalikwa Mkomani na mwenziwe wa shule, sherehe ya kutishana. Kila mtoto apeleke kitamu cha kuogofya. Tangu ahamie shule ile hajaalikwa popote, kwa hiyo sikumkataza. Ila nilimwambia sura ya shetani haifinyangwi jikoni mwangu.

"Basi mende, bibi. Mende si shetani."

"Mende ni mchafu."

"Wa tende, bibi."

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Tulitoa kokwa, tukajaza njugu za kusaga, tukachomeka tambi za kukaanga ziwe miguu na masharubu. Yeye akachomeka miguu minane. Nikamgombeza: mende ana sita, humu ndani amewaona wangapi asihesabu?

Nililohofia sikumwambia. Huko keki za dukani zingejaa, naye angeona haya, aseme mende kawanunua, asinitaje mimi.

Amerudi magharibi, sinia tupu.

"Kwanza walikimbia, bibi, kisha wakagombania."

"Na mpishi ukasema nani?"

"Bibi yangu. Jumamosi ijayo wanakuja watatu uwafundishe."

Watatu, na hata hakuniuliza. Nimemfokea vizuri. Kesho akiamka tunafua mapazia.