Ukuta wa Kelele

Alhamisi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na nusu ya hasira ni juu yangu mwenyewe.

Leo kwa baraza afisa wa kaunti alisema watatujengea "ukuta wa kelele" kando ya barabara kuu. Mama akadakia, "Kelele si tunayo tayari? Ingine ni ya nini?" Watu wakacheka mpaka chifu akagonga meza.

Afisa akaeleza kwamba ukuta utazuia kelele ya malori, watoto walale. Wakampigia makofi. Halafu akamnong'onezea mwenzake kwa Kiingereza, ndio tusielewe, kwamba hautaachwa mlango hata mmoja.

Nilikuwa nyuma yake. Nilielewa kila neno.

Kibanda cha Mama cha chai kitabaki nyuma ya huo ukuta, na wateja wake wote ni madereva wa malori!

"Wanaokubali, mikono juu." Mama akainua wake, akanikonyeza. Mimi, ambaye hata darasani siombi ruhusa ya kusema, nikaangalia viatu.

Kesho wanaleta fomu za sahihi. Mama ananiita nikaoshe vikombe, anaimba. Nikimwambia atauliza, "Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

Lakini naenda kumwambia, kabla hajatia sahihi.