Wembe Uliponiruka

Kharumwa, Agosti 1954

Mdogo wangu mpendwa Kalisti,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hata kabla ya kusoma mbele, maana ndivyo Baba alivyotuzoesha. Hujambo huko mgodini Songwa? Na mkeo Serafina, kifua kimepoa? Sisi huku tuna afya, ila nyumba imepwaya. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Usijilaumu kwa kutowahi maziko. Habari ilikufikia Baba akiwa tayari kaburini, na kila mtu analijua hilo. Watu walijaa mpaka wakakanyaga pamba ya jirani, na jirani mwenyewe hakununa. Walisimulia jinsi katekista wao alivyosimamisha ng'ombe wa kulimia katikati ya shamba ili asali, na sala yake ya chakula iliyokuwa ndefu mpaka ugali unapoa. Tulicheka msibani, ndugu yangu, huku machozi yanatutoka.

Siku ya kuondoa matanga tulikaa chini, sisi watoto wa marehemu, tunyolewe. Shangazi Minza akawanyoa wadogo zetu, akaniruka mimi. Nilidhani amesahau, nikainamisha kichwa tena. Akasema, wala si kwa hasira, kwamba wembe ule ni wa damu ya kaka yake Bartholomeo, na mimi si damu yake. Mimi, kifungua mimba wa nyumba hii! Nikamtazama Mama, naye akatazama chini.

Ndivyo ilivyo, Kalisti. Mama aliolewa akiwa na mimba yangu, na aliyempa mimba alikuwa amekimbilia machimbo ya Geita, asirudi.

Baba mkubwa Jilala, ambaye kanisani hajaingia hata kwa bahati mbaya, ndiye aliyesimama. Alieleza kuwa wazee walimshauri Baba amwoe Mama, mtoto aachwe ukweni. Baba akakataa, akaongeza ng'ombe juu ya mahari ili nikombolewe ningali tumboni. Wakamcheka kwamba ananunua ndama wa dume la mwenzake. Akawajibu kwamba Yusufu wa Nazareti naye alilea asiyemzaa, na Mungu hakumdai maelezo. Jilala akasema ng'ombe hao aliwaswaga yeye mwenyewe, na anayenikataa awarudishe kwanza. Shangazi akalia, akaninyoa taratibu.

Nimewaza sana tangu hapo. Baba alinichapa sawa na ninyi, akanifundisha katekisimu kabla yenu, akanibeba mgongoni hadi misheni nilipougua. Sikuwahi kuhisi mkono wake ukinipima. Ninyi Mungu alimpa. Mimi alikwenda kuniomba mwenyewe ukweni. Wabeja, Baba. Nashukuru mpaka nakosa pa kuziweka shukrani.

Mama anakusalimu sana, na Jilala anakuagiza tumbaku. Mungu awatunze wewe na Serafina. Njoo kabla ya mvua. Nawe nyoa huko huko uliko, ili ukifika watu watuone tunafanana.

Ni mimi dada yako,
Paskalina binti Bartholomeo