Nyimbo za Rozina Nilivyozibana

Kiseke, Mwanza
Jumanne

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Magu, na goti je, limetulia? Huku mimi na mdogo wangu Rozina tuko wazima wa mwili, ila ndani ya nyumba hakuna kicheko.

Uliniuliza kwa simu mbona nyimbo zangu kwenye ile tovuti yetu zinasikika vizuri, na za Rozina zinakwaruza kama anaimba ndani ya ndoo. Nikakujibu ni simu yako mbovu. Rozina mwenyewe anadhani ni koo lake. Wiki iliyopita Mzee Nathaniel, mwenye bendi kule Mkuyuni, alimsikiliza humo humo kwenye tovuti akasema sauti haina nguvu. Jumamosi anachukua mwimbaji mwingine. Tangu hapo Rozina haimbi hata akifua. Anasema atarudi huko kulima mpunga.

Mama, mwendesha tovuti ni mimi. Tunarekodi wote kwa mashine moja, linatoka faili kubwa lenye sauti yote. Ndipo ninalibana liwe mp3, lisimalize bando la msikilizaji. Ukibana kiasi, hakuna anayejua. Ukizidisha, sauti inakonda, na haiponi tena mpaka uanze upya na lile kubwa.

Zangu nilibana kiasi. Za Rozina nilizibana mara tatu, makusudi kabisa. Haya, nimesema! Mwaka mzima kwaya Rozina, majirani Rozina, hata wewe ukipiga simu unaanza kuuliza Rozina wako hajambo. Na mimi niliyemfundisha kuimba, je? Wivu umenila, Mama, na hata sasa naandika huku ninauona. Jana nilimpa pole, akanikumbatia akisema bila mimi asingesikika popote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Yamo mafaili yake makubwa yote, wala sikubakiza nakala. Nilifika nayo mlangoni kwake mara mbili nikageuka. Mjomba Elias anakuletea mkononi. Njoo nayo kabla ya Jumamosi, mfike wewe na Rozina kwa Mzee Nathaniel. Mwambie Rozina yote mbele yangu, nami nitamtazama usoni.

Nisalimie shangazi Sabina na wote wa nyumbani. Ila flashi hiyo, Mama, usinirudishie mimi hata nikikulilia. Juzi nilishabonyeza kufuta mafaili hayo, ikabaki kukubali tu.

Ni mimi mwanao,
Getruda