Kamba Nilishika Mimi, Macho Yangu Yako Ng'ambo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijachekwa na majirani, maana mke wangu ameshaanza.

Mimi ni baba mzima, nina mvi na kitambi, na ninaona wivu kwa sababu ya shamba nililoligawa kwa mikono yangu mwenyewe. Kwetu, tangu karne za mababu waliolima kwa jembe la mti, baba akifariki mtoto mkubwa ndiye hushika kamba akalikata shamba vipande viwili, halafu mdogo ndiye huchagua kwanza, mkubwa akachukua kilichobaki, kisha baba mdogo huja kufukia mawe mpakani, na mawe yakishafukiwa hakuna tena wa kufungua mdomo. Basi baba yetu alipotutoka nikashika kamba, nikapima, nikapima tena, udongo mweusi nusu huku nusu kule, mteremko vivyo hivyo, hata kisima nikakipitishia mpaka katikati, nikajisifu moyoni kwamba hata malaika asingekata hivi, na mdogo wangu akatazama kidogo tu, akasema, "Kaka, naomba upande wa chini," na kuanzia pale, mshauri, upande wa chini ukapendeza ghafla kama bibi harusi.

Mahindi yake nayaona yana rangi kuliko yangu, na mbegu tulizitoa katika gunia moja. Mvua ikinyesha, naona imeanzia kwake. Mama naye kigoda chake kiko huko, nasikia wanacheka, mimi huku napalilia shingo imepinda.

Juzi nikashindwa, nikamwambia, "Bwana mdogo, wewe ulichagua kwa ujanja." Hakukasirika. Akasema, "Basi tubadilishane, kaka, kabla ya mawe." Badala ya kufurahi nikaingiwa na baridi: mbona upesi hivyo? Ameona nini upande wangu? Nikaenda kuutazama upande wangu, nao ukaanza kupendeza! Mke wangu akasema, "Mume wangu, wewe hata ukipewa yote mawili utamwonea wivu anayepita njia."

Baba mdogo anakuja na mawe Jumamosi. Nibadilishe au nisibadilishe?

Mimi,
Mshika Kamba

*

Mshika Kamba, pole, na aibu nayo ikupate kidogo.

Usibadilishe. Ukihamia chini, Jumatatu utaniandikia habari za uzuri wa juu, na mimi nina barua za watu wengine. Ulidhani wazee wako walimpa mkubwa kamba kwa heshima? Walikujua kabla hujazaliwa. Walijua mkubwa hapendi kushindwa, wakamfunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe: ukilalamika umepunjwa, nani amekupunja? Na ndugu aliye tayari kuachia shamba ili kaka yake apate usingizi, huyo ndiye unamwita mjanja? Kamwombe radhi, tena kwa mdomo wako, usimtume mkeo.

Halafu barua yako nimeisoma mara ya pili. Udongo umeueleza, kisima umekieleza, mahindi umeyapaka rangi. Kigoda cha mama yako umekipitisha haraka haraka, kama mtu anayeficha kiraka. Ndugu yangu, hicho ndicho unacholilia. Mama hakatwi kwa kamba. Hukai kando yake kwa sababu ya nusu uliyopata, unakaa kwa kuwa ulimkaribisha, na katika barua nzima sijaona mahali ulipomwita. Mdogo wako alimwita, basi.

Jumamosi shimo la mawe chimba wewe, mdogo wako ayaweke, baba yenu mdogo afukie. Mkimaliza, nawa mikono, vuka mpaka wako mpya, kibebe kile kigoda begani na umwambie, "Mama, leo njoo tucheke huku." Atakutania mbele ya watu, vumilia, umestahili. Jiwe likishafukiwa halihami, bwana. Kigoda kinabebeka.