Mtu Haimbiwi Mara Mbili

Maracaibo, 2 Machi 1987

Mama Mdogo Eusebia,

Nakuomba baraka yako. Hamjambo huko Palenque? Mguu wako umepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila habari ninayokuletea ni nzito. Mama alifariki tarehe ishirini na moja Februari. Ni moyo. Alikuwa akikuna nazi za pipi za kesho yake, akasema amechoka, akajinyoosha kitandani, hakuamka. Tumemzika hapahapa Maracaibo. Majirani walisali rozari, Mungu awalipe, lakini walipomaliza walikunja viti wakaenda zao, na nyumba ikabaki kama mtu katoka bila kufunga mlango.

Najua kwenu marehemu huimbiwa usiku tisa. Hapa hakuna ajuaye. Mimi mwenyewe lugha yenu siijui. Mama hakunifundisha hata salamu. Nikimuuliza alisema, "Sema Kihispania chako, usije ukachekwa sokoni." Sasa nakuomba rika lake limwimbie. Hilo tu. Sitaki alale ugenini bila sauti ya kwao.

Beseni lake la pipi sijaligusa. Bado linanuka nazi.

Mwanao,
Nicolasa


Palenque, 30 Machi 1987

Mwanangu Nicolasa,

Mungu akubariki na akupe nguvu. Mguu haujambo, unauma mvua ikikaribia tu. Naandika Kihispania, maana lugha yetu shuleni hatukufundishwa kuiandika.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Dada Primitiva ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda mtoni, akinifinya paja nikilia. Sasa nani mwingine anakumbuka kwamba niliwahi kuwa mtoto?

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa watu wa rika lake. Hao ndio aliokua nao tangu wasichana na wavulana wa hapa walipokusanyika wakaapa kusaidiana na kuzikana. Wamebaki wachache. Dorotea ndiye anayeanzisha nyimbo, na Ceferino bado anapiga ngoma. Wamekataa, mwanangu, na lazima nikuambie kwa nini, kwa sababu naona mama yako hakukuambia.

Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, wauza matunda walileta habari kutoka Barranquilla kwamba lori la wanawake waliokuwa wakielekea mpakani, njia ya huko Maracaibo, limepinduka, na Primitiva alikuwamo. Hatukuwa na maiti, lakini tulikuwa na majonzi. Tukatundika shuka jeupe ukutani, tukaweka bilauri ya maji, na rika likamwimbia usiku wote tisa. Kisha tukaanua matanga.

Mwaka uliofuata akapita muuza vitambaa. "Primitiva? Nimemwona Maracaibo. Mnene huyo, anauza pipi za nazi." Nikamwandikia huku nikicheka: tumekuzika, mwanamke wewe! Yeye hakucheka. Alinijibu kwamba aliyeimbiwa ameshaondoka, na akirudi nyumbani lazima aondoke na roho ya mtu. Hakukanyaga tena hapa. Lugha yetu nadhani aliiacha kwa sababu hiyohiyo, kwamba marehemu hana ruhusa nayo.

Dorotea kaniambia, "Mtu haimbiwi mara mbili, Eusebia. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili itakuwa ya nani? Yangu?"

Ceferino akamwambia, "Wewe tulia. Hata homa ilikuja kwako ikakimbia mdomo wako."

"Cheka tu. Atakayechukuliwa atakuwa mmoja wetu."

Sina la kuwalaumu. Wanaogopa, nami kidogo naogopa nao. Nitajaribu tena. Kula, usikae na njaa.

Mama yako mdogo,
Eusebia


Maracaibo, 19 Aprili 1987

Mama Mdogo,

Baraka. Nimefurahi mguu haujambo. Mimi nala, ingawa chakula cha mtu mmoja sijui kukipima, kila siku kinabaki.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa nikidhani Mama anaionea haya Palenque. Kila Desemba wahamiaji wenzetu walifunga mizigo kwenda kwao, naye aliwapa pipi za njiani, akarudi ndani. Nami nilimwona hana moyo. Kumbe alikuwa akiwakinga ninyi.

Mwambie Dorotea simlaumu. Lakini Mama lugha alininyima, wimbo mmoja hakuninyima. Alikuwa akiuimba kila siku akikuna nazi, mpaka jirani yetu Zoraida akauliza, "We Nicolasa, mama yako anaziombea hizo nazi?" Maneno yake siyajui maana, lakini sauti ninayo yote. Nimeazima redio ya kaseti nikauimba kama alivyouimba, na beseni lake mapajani. Kaseti naituma kwa dereva wa basi la Cartagena.

Ukisikia kimya, usidhani imeharibika. Ndivyo alivyokuwa. Aliimba kidogo, akanyamaza, akawa anapiga kando ya beseni kwa vidole, kisha akaendelea. Nilipokuwa mdogo nilifikiri amesahau. Siku moja nikajaza kile kimya kwa sauti yangu, akaniwekea kidole mdomoni, polepole, kama mtu anayesikiliza.

Angalau wewe uwe nayo.

Mwanao,
Nicolasa


Maracaibo, 7 Juni 1987

Mama Mdogo,

Baraka yako, na salamu kwa wote wa nyumbani. Ni wiki nyingi sijapata neno. Je, mguu? Au kaseti ilipotea? Dereva anaapa aliifikisha. Kama wamekataa tena niambie tu, nitazoea. Wateja wa Mama wanaulizia pipi. Nilijaribu, nikaunguza sukari. Zoraida alikula zote zilizoungua akasema ni tamu, mwongo mkubwa.

Nakusubiri.

Nicolasa wako


Palenque, 28 Juni 1987

Mwanangu Nicolasa,

Mungu akubariki. Mguu haujambo, mimi sijambo, na kaseti haikupotea. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia kabla jambo halijakaa sawa.

Niliwaita rika uani kwangu. Ceferino alileta redio yake, ile anayoiita mke wake wa pili. Dorotea alikaa mbali karibu na mlango, awahi kuondoka. Ukaanza kuimba. Kisha kimya, na vile vidole kwenye beseni.

"Betri imekufa," Dorotea akasema.

"Haijafa," nikamwambia. "Ngoja."

Ukarudi. Kikaja kimya cha pili, na nikaona mkono wa Ceferino unapiga goti lake, unafuata beseni lako. Katika kimya cha tatu Dorotea akafungua kinywa akaimba. Hakukusudia, mwanangu, ilimtoka tu. Akaimba mstari wake, ule ambao amekuwa akiuanzisha katika kila msiba tangu ujana wetu, na ulipokwisha sauti yako ikamwitikia. Palepale, bila kuchelewa. Ilikuwa kama umekaa kwenye kigoda katikati yetu.

Mama yako hakuwa anasahau. Alikuwa anaimba sehemu ya kuitikia, na kila alipofika kwenye mstari wa Dorotea alinyamaza amwachie nafasi yake. Kila siku, miaka yote hiyo, mbele ya nazi.

Dorotea alijifuta pua kwa aproni. "Mjinga huyu," akasema. "Ameniwekea nafasi yangu, mimi nikamnyima yake."

Ceferino akamuuliza, "Sasa tunafanyaje?"

"Tunafanyaje nini? Mtu anayeitikia hajaondoka. Ile mara ya kwanza tuliimbia lori. Nenda kalete ngoma."

Basi tumetundika shuka, tumeweka maji, tumemwimbia. Watu wamekuja hata kutoka Cartagena. Nililia usiku wa kwanza, usiku wa pili nikapika, na baada ya hapo nilikuwa nafanya yote mawili kwa pamoja. Tumefika usiku wa nane, na hapo Dorotea amesimamisha. Anasema wa tisa hauimbwi na matanga hayaanuliwi mpaka aje wa kuitikia. Mahali pa Primitiva pameachwa wazi, na kila tukipafikia tunanyamaza sote. Maneno tutakufundisha. Mengi unayo tayari mdomoni.

Shuka bado liko ukutani. Maji ya bilauri nayabadilisha kila asubuhi. Njoo na beseni.

Barua hii usiijibu. Njoo uitikie.

Mama yako mdogo,
Eusebia